Msimamizi wa Mtihani Aandike Alichokiona



Wapo watakaouliza: mtihani wa kwenye kompyuta unamhusu nini mkata mkonge, mchuma chai au fundi wa kiwanda cha nguo? Unamhusu sana. Tangu ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo mwaka 2020, mitihani mingi ya vyuo na ya vyeti vya kazi imekuwa ikifanywa kwa njia ya intaneti. Mtahiniwa hukaa chumbani kwake mbele ya kamera, na msimamizi, ambaye pengine yuko nchi nyingine, humtazama katika kioo cha kompyuta. Miongoni mwa wanaofanya mitihani hiyo wamo watoto wetu, na wamo wenzetu wanaotafuta cheti ili wapande daraja. Na wanaoisimamia ni wafanyakazi wa mshahara kama sisi.

Mtihani ukiisha, msimamizi huacha kumbukumbu ya yaliyotokea. Mistari hiyo michache itasomwa na wakubwa ambao hawakuwapo. Kwa mistari hiyo mtu atapewa matokeo yake au atafutiwa. Basi kumbukumbu hii si jambo la kuandikwa ovyo.

Sisi tunaijua nguvu ya kalamu ya mwingine. Katika miaka ya 1920 wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kubeba kipande, na mwajiri ndiye aliyeandika ndani yake. Maandishi ya mwajiri yalimfuata mfanyakazi kila alikokwenda kutafuta kazi. Hata leo, ni wangapi kati yetu wamepokea barua isemayo "utovu wa nidhamu" bila siku, bila saa, bila kueleza kitendo chenyewe? Shutuma ya namna hiyo haijibiki, kwa sababu haina kitu cha kushika.

Wengine watasema siku hizi mashine ndizo zinazosimamia. Tutazame ukweli. Mwezi Oktoba 2020 watu walifanya mtihani wa uwakili wa jimbo la California, Marekani, kwa kompyuta. Programu ilitia alama ya shaka kwa zaidi ya thuluthi moja yao. Wanadamu walipozichunguza picha, wengi wao wakaondolewa shaka. Mashine huona kichwa kimegeuka. Haijui kama aliyegeuka anasoma karatasi ya siri au anamtazama mtoto aliyefungua mlango. Anayeweza kueleza hayo ni mtu, naye lazima aeleze kwa maneno yanayoeleweka.

Huko Uholanzi, mwanafunzi mmoja mweusi wa chuo kikuu cha mjini Amsterdam alilalamika mwaka 2022 kwamba programu ilishindwa kuuona uso wake, hata ikambidi ajimulike kwa taa. Desemba 2022 chombo cha haki za binadamu cha nchi hiyo kilisema kuna dalili za ubaguzi, kikakitaka chuo kijitetee. Oktoba 2023, baada ya chuo kuleta uchunguzi wa kumbukumbu za kompyuta, chombo hicho kiliamua kwamba hakubaguliwa na programu hiyo. Tukubaliane na uamuzi huo au tusikubaliane, fundisho ni moja: mwenye kumbukumbu ndiye mwenye hoja. Asiye nayo hubaki na malalamiko matupu.

Je, kumbukumbu njema ni ipi? Chukua mfano. Msimamizi mmoja anaandika: "Mtahiniwa alikuwa na wasiwasi, inaonekana anadanganya." Hiyo ni hukumu. Mwingine anaandika: "Saa 4:12 asubuhi aligeukia kushoto kwa sekunde kama 8. Nilimwomba azungushe kamera. Saa 4:14 alionyesha chumba. Kushoto kuna mlango, mtoto amesimama hapo. Sikuona karatasi wala simu. Aliendelea saa 4:15." Huyu wa pili ametoa ushahidi, na yeyote anayesoma anaweza kupima mwenyewe.

Kwa hiyo tunashauri haya. Kwanza, andika wakati ule ule jambo linapotokea. Ukingoja mwisho utachanganya mtu na mtu. Pili, taja saa, na useme ni saa ya wapi. Saa 4 ya Mswahili kompyuta inaiita saa 10, na saa ya Nairobi si saa ya London. Kesi inaweza kuharibika kwa kosa hilo moja. Tatu, andika kitendo ulichokiona, agizo ulilotoa na jibu ulilopata. Akisema neno, liandike kama alivyolisema. Nne, andika na ambacho hukukiona. Tano, mtandao ukikatika, usiandike "ametoroka mtihani". Andika ulikatika saa ngapi, ulirudi saa ngapi, na nani alimtafuta mwenzake. Umeme wetu tunaujua. Sita, umaskini wa nyumba yake, dini yake na maradhi yake usiyatie humo kama hayahusiani na tukio.

Tunajua msimamizi atajibu: "Natazama watahiniwa kadhaa kwa pamoja, nitaandika saa ngapi?" Hoja hiyo ni ya haki, na ni ya chama. Mwajiri anayetaka kumbukumbu safi atoe muda wa kuziandika, aulipe, na apunguze idadi ya watu ambao macho mawili yanatakiwa kuwatazama. Lakini uchache wa muda usiwe ruhusa ya kumchafua mtu. Tena kumbukumbu hiyo humlinda msimamizi mwenyewe. Malalamiko yakifika baada ya wiki tatu, mwajiri atamuuliza yeye, na hapo atakuwa na maandishi yake tu.

Jambo la mwisho ni haki ya kujibu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Haki hiyo ilipatikana kwa jasho. Mtahiniwa naye asomewe yaliyoandikwa juu yake kabla matokeo hayajafutwa. Vyama vyetu viyadai mambo haya mawili kwa pamoja: muda wa kuandika kwa msimamizi, na nafasi ya kujibu kwa mtahiniwa.

Mfanyakazi anayeshika kalamu juu ya mfanyakazi mwenzake ameshika riziki ya nyumba nzima. Aandike alichokiona, na alichodhani akiache.

Umoja ni nguvu.