Kukosa Karatasi Si Kukosa Kuwepo

Juzi jamaa wa Nairobi alinicheka: "Wewe Mwislamu wa Tarbaj, ati pia unaamini Yesu aliishi? Cheti chake kiko wapi?"

Cheti! Kwetu Wajir, kwa miaka mingi kijana aliyeomba kitambulisho alipigwa msasa kwanza, athibitishe ni Mkenya. Rais Ruto aliagiza msasa huo uondolewe Februari 2025 tu. Mimi nilisubiri changu mpaka mkopo wa chuo ukanipita, nikaacha masomo. Lakini nilikuwepo, bana.

Sasa tupime. Paulo, akiandika miaka ya 50, anasema alikutana na Yakobo, ndugu yake Yesu. Josephus, Myahudi, anamtaja Yakobo huyohuyo mnamo mwaka 93. Tacitus, Mroma aliyewadharau Wakristo, anasema Pilato aliamuru Kristo auawe. Kwa mwanakijiji wa Galilaya asiye na cheo, hizo ni karatasi nyingi kuliko zangu.

Mtaniambia dini yangu inakana kusulubiwa kwake. Ndiyo, na hapo mimi na Tacitus hatupatani. Lakini hata ugomvi huo wetu na Wakristo ni juu ya mtu aliyeishi. Kutembea juu ya maji, kufufuka, hayo ni ya imani, kataa ukitaka.

Ila usimfute mtu kwa sababu karani hakumwandika. Sisi wa Tarbaj tunajua kufutwa kunavyouma.