Mama alitibiwa titi, mbona sasa ni mfupa?

Wiki iliyopita, baada ya kikao cha wazazi shuleni, mama mmoja alinivuta pembeni. Dada yake alikatwa titi miaka miwili iliyopita kwa sababu ya saratani. Sasa mgongo unamuuma, na daktari amesema saratani iko kwenye mfupa.

"Ina maana ana saratani mbili?" aliniuliza. "Au ni kile kisu kimeitawanya? Nyumbani ndivyo wanavyosema, hawataki arudi hospitali."

Mzazi mwenzangu, huenda na kwako limeshasemwa hilo.

Dada huyo hana saratani mbili. Baadhi ya seli za saratani hujichomoa kwenye uvimbe wa kwanza, zikaingia kwenye damu au mishipa ya limfu, zikasafiri na kuota kwingine. Seli za titi zikiota mfupani hubaki kuwa seli za titi, na hutibiwa kama saratani ya titi. Kwa hiyo kila daktari mpya aambiwe mgonjwa aliwahi kutibiwa nini.

Seli nyingi hufa njiani. Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona haisambai ovyo. Aliifananisha na mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota penye udongo unaoifaa.

Ndiyo maana kila saratani ina njia zake. Ya titi mara nyingi hupitia tezi za kwapani, na inaweza kufika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Ya tezi dume hupenda mifupa, hasa ya mgongo na nyonga. Babu anayeumwa mgongo usiopoa apimwe, asiishie kuchuliwa dawa. Ya utumbo mpana huenda sana kwenye ini, kwa kuwa damu inayotoka utumboni hupita huko kwanza. Ya mlango wa kizazi huanza kwa majirani zake, yaani kibofu na njia ya haja kubwa, na ikibana mirija inayoshusha mkojo, figo huharibika.

Watoto nao wana yao. Saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma huwapata zaidi walio chini ya miaka mitano. Ikiachwa, hufuata mshipa wa fahamu wa jicho hadi kwenye ubongo. Dalili yake unaweza kuiona kwenye simu hiyo uliyoshika: ukimpiga mtoto picha kwa flashi, mboni inang'aa nyeupe. Si kila weupe ni saratani, lakini kila weupe unahitaji daktari wa macho, tena haraka. Ikikutwa bado iko ndani ya jicho, watoto wengi hupona.

Sasa tuje kwenye kisu. Mara nyingi seli zinakuwa zimeshaondoka kabla ya upasuaji, zikajificha miezi au hata miaka. Mgonjwa anapoumwa baadaye, watu hukumbuka kisu. Kwa saratani nyingi, hatari ya kuitawanya kwa kuchukua kinyama cha kupima ni ndogo mno. Pale ambapo sindano ni hatari kweli, kama kwenye jicho hilo la mtoto, madaktari wanajua na huiepuka. Kinachoipa saratani nafasi ya kusafiri ni muda tunaoupoteza kwa kuogopa.

Nilimwambia yule mama ukweli wote. Saratani ya titi iliyofika mfupani kwa kawaida haiishi kabisa, lakini mionzi na dawa hupunguza maumivu, na wapo wanaoishi nayo kwa miaka. Kisha nikamuuliza kama miguu ya dada yake ina nguvu. Akasema tangu juzi inamlegea.

Hilo si la kusubiri. Mgonjwa wa saratani anayeumwa mgongo akianza kulegea miguu, kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja, huenda uti wa mgongo unabanwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana akichelewa anaweza asitembee tena.

Walimpeleka jioni ile.