UPEMBUZI YAKINIFU HAUJAZI NDOO!

Kijana wa Manzese, Tandale au Mbagala, ukimsikia kigogo akisema "serikali inafanya upembuzi yakinifu", chukua dumu lako uwahi foleni. Maji hayo huyaoni mwaka huu.

Hatusemi kwa chuki. Mwaka 1979 wataalamu kutoka Canada walikabidhi mpango kabambe wa maji wa mikoa ya Pwani na Dar es Salaam. Mwaka 1991 Wajapani wa JICA wakatoa wa kwao. 2005 wakatoa mwingine, na 2013 wakamaliza utafiti wa bonde zima la Wami na Ruvu. Kila safari mashangingi yanakwenda porini, warsha inafunguliwa, posho inalika, kitabu kinaingia kabatini.

Wataalamu hatuwalaumu, walipima na wakaandika. Jambo kuu linajulikana siku nyingi: Mto Ruvu hufurika masika na kunywea kiangazi, na bila bwawa la kuhifadhi maji jiji litakuja kulia. Wazo la bwawa la Kidunda ni la miaka ya 1960, babu zetu wakiwa vijana kama ninyi. Mkataba wa kulijenga ukasainiwa lini? Novemba 2022! Mabomba ya jiji yalikuwa yamekwisha kauka.

Mnaikumbuka Oktoba ile? Wakubwa walitangaza kuwa uzalishaji umeshuka mpaka lita milioni 300 kwa siku, na mahitaji yamepita milioni 500. Mgawo ukaanza, bei ya dumu ikapaa, lawama zote akabebeshwa Mungu kwa kutoleta mvua.

Lakini mto haukauki usiku mmoja, jamani. Pale daraja la barabara ya Morogoro kipo kituo cha kupimia maji ya Ruvu, wataalamu wanakiita 1H8, kinapima tangu miaka ya 1950. Kina kinasomwa, kinaandikwa. Namba hizo zinakwenda wapi? Kwa nini asiambiwe Agosti mama ntilie wa Kimara, naye apange mambo yake, mpaka asubiri bomba lipige mluzi?

Maji ya chini ya ardhi ndiyo usiseme. Kule Kimbiji na Mpera wataalamu walikwisha sema yapo, tena mengi. Tukaahidiwa visima virefu 20 na lita milioni 260 kwa siku. Mradi wa Kigamboni ulipozinduliwa Novemba 2022, ngoma zikapigwa kwa lita milioni 70. Kipande hicho nacho kilisubiri kiu ya jiji zima ndipo kikate utepe.

Huku uswahilini walalahoi wamejichimbia wenyewe, kisima ubavuni mwa choo. Tafiti za vyuo vikuu zimeonyesha visima vya jiji vinaingiwa na maji ya chumvi na uchafu wa vyoo. Nani kambandikia mwenye kisima cha Temeke karatasi ya matokeo? Ila ukitaka kuchimba kisima kirefu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali, na ada wanakujua hadi mlango. Kudai wana mbio, kutoa habari wanachechemea.

Tunachotaka si bure wala si siasa. Vipimo vya Ruvu vibandikwe kila wiki kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa, na kila kisima cha umma kiandikwe chumvi yake na siku kilipopimwa mara ya mwisho. Fedha imekwisha lipwa, nyingine ni mikopo ambayo wewe na wanao mtailipa.

Basi vijana, acheni kulalamikia kijiweni tu. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inampa ofisa siku 30 kukujibu. Andikeni barua, wekeni majina kumi, ishirini, muipeleke ofisi ya bonde. Wakiwajibu kwamba utafiti bado unaendelea, waulizeni: ule wa mwaka gani?