Nani Anatuletea Positroni Hizi?

Chombo cha PAMELA kilirushwa mwaka 2006 kikiwa kwenye setilaiti ya Urusi. Miaka miwili baadaye kikazua mjadala ambao haujaisha: kuanzia nishati ya gigaelektronivolti 10, sehemu ya positroni, yaani pacha za elektroni zenye chaji chanya, katika miale ya anga ilikuwa ikipanda badala ya kushuka kama ilivyotarajiwa. Darubini ya angani ya Fermi ikaona hivyo hivyo, na mwaka 2013 mitambo ya AMS-02, iliyofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikathibitisha. Wengi wakaitaja maada ya giza: chembe zake zikikutana huangamizana, na positroni huzaliwa hapo.

Wazo hilo lilistahili kufuatiliwa. Lakini mimi naona limeshalemewa. Kuangamizana huko kungetarajiwa kuzaa antiprotoni, yaani pacha za protoni zenye chaji hasi, pia, na PAMELA haikuona ziada yake. Wananadharia wakapendekeza chembe zisizozaa antiprotoni. Sawa, ila hata hizo zingelazimika kuangamizana mara mamia zaidi ya makadirio ya kawaida. Kasi hiyo ingeacha alama katika mnururisho wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Setilaiti ya Planck iliupima kwa makini, na alama haimo. Galaksi ndogo zinazoizunguka yetu, ambazo zimesheheni maada ya giza, nazo hazijaonyesha mng'ao wa wazi wa miale ya gama ambao kuangamizana huko kungeuzaa.

Ndiyo maana naziangalia pulsa, mabaki ya nyota yanayojizungusha kwa kasi. Positroni zenye nishati kubwa huipoteza haraka safarini, kwa hiyo chanzo lazima kiwe karibu. Pulsa iitwayo Geminga iko kiasi cha miaka-nuru 800 tu. Ni nyota iliyokufa inayojizungusha zaidi ya mara 4 kwa sekunde, na usumaku wake mkali huzaa elektroni na positroni kwa jozi, bila antiprotoni. Mwaka 2017 darubini ya HAWC, yenye matangi 300 ya maji katika milima ya Mexico, ilieleza wingu la miale ya gama kuizunguka. Jozi hizo kweli zinatoka.

Wataalamu wa HAWC wenyewe walihitimisha kwamba zinasambaa polepole mno kutufikia kwa wingi. Hoja yao ni nzito, lakini mwendo uliopimwa jirani na pulsa hautuambii mwendo wa njia nzima. Kipimo ninachokitaka ni cha mwelekeo: kama chanzo ni pulsa moja ya jirani, positroni zingezidi kidogo upande mmoja wa anga. AMS-02 haijauona upendeleo huo, ila data zake bado hazitoshi kuukataa.