Jina si la Kukodisha

Ipo biashara ya aibu katika pwani ya Tanga. Mgeni aupendaye ufukwe wa Pangani na kutaka kuijengea familia yake nyumba hukuta Sheria ya Ardhi ya 1999 imemfungia njia: asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Ndipo hujitokeza mwananchi, tena aliyesoma, akamkodishia jina lake. Hati ni ya mwenyeji, fedha ni za mgeni.

Huo ni ukuwadi wa ardhi. Papo hapo Pangani, katika shamba la Kikogwe, Wajerumani walipanda mkonge mwaka 1893. Miaka 2 baadaye amri yao ikaifanya ardhi waliyodai haina mwenyewe kuwa mali ya Dola. Umilikaji wa kudumu ulioachwa na wakoloni ulifutwa mwaka 1963. Je, ulifutwa ili karani auze saini yake kwa bei ya mabati, na mwalimu aitwe kushuhudia?

Mgeni naye asidhani amepona. Mwenye jina akifa, warithi hushika hati, wala hawayajui makubaliano ya sirini. Atakaye kuishi Ushongo na apange nyumba kwa mkataba ulio wazi, alipe kodi kama wapangaji wengine.