Jiko la Kuni Chache

Mafiga matatu hutupa joto jingi nje. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 Mmarekani Larry Winiarski alibuni jiko lenye njia ya moto iliyopinda kama kiko. Njia hiyo ikizungushiwa majivu makavu, joto halinywewi na udongo bali hupanda sufuriani; kuni chache hutosha, na moshi hupungua.

Mwenye kujaza majivu na azibe pua kwa kitambaa, wala asiyashike yakiwa yamelowa, kwani huchoma ngozi. Lakini vipande vya asbesto vya mapaa makuukuu ya kambini visivunjwe wala visitumiwe kamwe. Vumbi lake halionekani kwa macho, na mtoto achezaye jikoni leo aweza kuugua mapafu miaka 30 baadaye.