Siku Nne Katika Mikono ya Bahari

Wako watu waendao Ulaya, wakatoa fedha nyingi, ili wapakiwe mashuani na kuzungushwa katika mifereji ya mji wa Venice. Siwalaumu. Lakini mimi nilipopata likizo ya siku nne naliiacha barabara kuu iendayo Lunga Lunga, nikashuka Majoreni, kusini ya Kwale, ambako mifereji haikuchimbwa na mtu. Ni mikono ya bahari, ipenyayo katikati ya mikoko hata ikawa myembamba kama kichochoro, na mtumbwi ndio baiskeli ya huko.

Mwenyeji wangu, mzee mmoja mvuvi, alinipokea kwa heshima kubwa, ila alinionya tangu siku ya kwanza kwamba huko saa ya mkononi haina kazi. Saa ni maji. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Mahali ulipopita ukiimba, baada ya saa chache ni tope la kukufika magotini.

Siku mbili za kwanza sikufanya kazi yo yote, na jambo hilo nalilifanya kwa bidii. Siku ya tatu, mwezi ukiwa wa kumi na sita, tukatoka saa tisa alasiri maji yakijaa. Mzee alikaa nyuma na pondo, mimi mbele, nisiyefaa kitu. Akanitajia miti kama mtu atajaye jamaa zake: mkoko, wenye mizizi kama miguu ya buibui, ndio utoao boriti; mlilana, usimamao mbele kabisa kuelekea bahari, mafundi huupenda kwa mataruma ya vyombo; mkandaa, ambao magome yake hutia rangi; na mkomafi, wenye matunda makubwa kama mpira wa watoto.

Mara tatu akaniambia, "Mwanangu, maji yanarudi." Mara tatu nikamwomba kidogo tu, maana nalikuwa nikimtazama mdiria akipiga mbizi. Saa moja u nusu usiku mtumbwi ukakaa juu ya tope, wala pondo haikutufaa.

Tulikaa hapo hata saa nane. Habari za mbu sitaki kuzieleza. Mwezi ulipotokeza nikaona tumekwama kando ya mikoko iliyonyoka kama mishumaa, nikakumbuka chumba kisicho na paa nyuma ya nyumba ya mzee. Binti yake ataolewa baada ya mfungo, na chumba hicho kimesimama kwa kukosa boriti kumi na mbili. Panga lilikuwa miguuni petu. Nikasema, na ninaandika kwa aibu, "Mzee, nani atatuona?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza kwamba babaye alikata miti katika mikono hiyo hiyo, ikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni, wala hakuna aliyedhani itapungua. Serikali ilipiga marufuku kuipeleka ng'ambo mwaka 1982, na sasa kuikata bila kibali ni kosa. "Lakini si askari ninayemwogopa," akasema. "Sikiliza." Nikasikia chini ya mizizi maji yakichezacheza katika vidimbwi. "Wale ni samaki wachanga. Mume wa binti yangu naye ni mvuvi."

Nikamweleza habari za Gazi, ambako tangu mwaka 2013 wenyeji hulinda hekta 117 katika mpango uitwao Mikoko Pamoja, na watu wa mbali huwalipa kwa ajili ya hewa ya ukaa ambayo miti huivuta na kuizika topeni. Fedha hiyo imesaidia maji ya kunywa na skuli. Kumbe mzee alikuwa akijua zaidi yangu. Jirani zake wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walianza mpango wao mwaka 2019, wenye hekta zaidi ya 400. "Ni jambo jema," akasema, "lakini hewa haiezeki nyumba."

Sikuwa na jibu. Watu wa Gazi wamepanda mivinje ili wapate miti ya kujengea bila kugusa mikoko, na kwa maoni yangu shauri hilo lafaa kufuatwa katika kila kijiji cha pwani hii. Lakini mvinje hutaka miaka kadhaa, na arusi iko baada ya mfungo. Mtu wa ofisini husahau jambo hili upesi: yule aambiwaye asikate ana paa lake la kuezeka mwaka huu.

Maji yakarudi polepole, yakatuinua bila kishindo, tukafika nyumbani mkewe akiwa bado hajalala. Hakunisema mimi, alimsema mumewe, nami nikaona haki yangu imeangukia kichwa kisichostahili.

Asubuhi, kabla sijapanda gari, nalimwomba mzee anipeleke kwa mwuza miti ya mivinje. Tulinunua sita. Sita zilizobaki nimeahidi kuzileta mwenyewe kabla ya mfungo, naye ameniambia nije wakati wa maji mafu.